Nadharia za makuzi na miezi tisa ya tumboni: jibu kwa mwanafunzi wa ualimu

Swali: Mwalimu, ninasomea ualimu wa elimu ya awali. Katika saikolojia ya makuzi tumesoma nadharia za Freud, Erikson, Piaget na Vygotsky, kisha sura inayofuata ikaeleza ukuaji wa mimba tangu kutungwa hadi kujifungua. Sioni uhusiano wa sura hizo mbili, kwa sababu nadharia zote zinaanza na mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Je, ni nadharia ipi inayoeleza kipindi cha tumboni? Pia, mbona kitabu kimoja kinasema mimba ni wiki 38 na kingine 40? Na je, ni kweli kwamba mtoto hujifunza kabla ya kuzaliwa?

Jibu: Ndugu mwanafunzi, nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo jepesi, na kwa kuwa lisipotatuliwa mapema namba zote nitakazozitaja huko mbele zitakuchanganya. Vitabu vyako vyote viwili viko sahihi, ila vinatofautiana mahali pa kuanzia kuhesabu. Wakunga na madaktari huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe ambayo mama anaweza kuikumbuka, na kwa hesabu hiyo mimba huchukua takriban siku 280, yaani wiki 40. Wataalamu wa embriolojia, yaani elimu ya jinsi kiumbe anavyoundwa kabla ya kuzaliwa, huhesabu tangu yai liliporutubishwa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea wiki mbili hivi baada ya hedhi hiyo kuanza, na kwao safari nzima ni siku 266, yaani wiki 38. Kwa hiyo mama anayeambiwa kliniki kwamba mimba yake ina wiki sita amebeba kiinitete, yaani kiumbe kichanga cha tumboni, chenye umri wa wiki nne. Katika jibu hili nitafuata hesabu ya wana-embriolojia, na pale nitakapotumia hesabu ya kliniki nitakuambia. Nimesahihisha majibu mengi ya wanafunzi ambamo hesabu hizi mbili zimechanganywa katika jedwali moja, na mtahiniwa akajikuta amempa mtoto moyo unaopiga kabla hata ya kuwa na moyo.

Sasa tuje kwenye swali lako kuu. Ni kweli kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyeandika nadharia yake kwa lengo la kueleza kipindi cha tumboni. Lakini sikubaliani nawe kwamba sura hizo mbili hazina uhusiano. Naamini kwamba dhana zilizo uti wa mgongo wa nadharia nyingi za makuzi, yaani dhana ya hatua zinazofuatana kwa mpangilio usiobadilika, dhana ya kipindi nyeti (muda maalumu ambapo kiumbe huathirika kwa urahisi kuliko wakati mwingine), na dhana ya kwamba kitu changamano huweza kutokana na kitu sahili bila kuwa kilikuwamo humo tangu mwanzo, zilikopwa kutoka kwa watu waliokuwa wakichunguza mayai na viinitete. Mwandishi wa kitabu chako amezitanguliza nadharia na kuiweka mimba nyuma. Kihistoria, mimba ndiyo iliyotangulia.

Mjadala wenyewe ni wa kale. Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alieleza mabadiliko ya yai la kuku linalotamiwa siku baada ya siku, na akaona kwamba viungo havitokei vyote kwa pamoja: moyo huonekana mapema kama nukta ya damu inayodunda, na vingine hufuata. Takriban miaka elfu mbili baadaye, hadubini ilipovumbuliwa, wasomi wengi walishawishika na maoni ya kinyume, kwamba mtu yumo tayari, mzima na mdogo sana, ndani ya mbegu ya kiume au ndani ya yai, na kwamba kazi ya mimba ni kumkuza tu. Mholanzi Nicolaas Hartsoeker alichapisha mwaka 1694 mchoro maarufu wa kijitu kilichojikunyata ndani ya kichwa cha mbegu ya kiume. Maoni hayo yalianza kuporomoka baada ya mwaka 1759, pale Caspar Friedrich Wolff alipoonyesha, tena kwa mayai ya kuku, kwamba viungo hutokana na tabaka za seli ambazo awali hazifanani navyo kabisa. Utumbo, kwa mfano, huanza kama utando bapa unaojikunja hadi ukawa bomba.

Usidhani kwamba huo ulikuwa ubishi wa wanabiolojia peke yao. Kama mtu mzima yumo tayari ndani ya mbegu, basi mtoto ni mtu mzima mdogo, na malezi hayana kazi nyingine ila kumlisha na kusubiri. Kama viungo hutengenezwa hatua kwa hatua, basi kila hatua inategemea iliyotangulia, na linalotokea katikati ya njia linaweza kubadili mwisho wake. Ndiyo sababu katika somo letu tunatofautisha ukuaji na makuzi. Ukuaji ni kuongezeka kwa kimo na uzito. Makuzi ni mabadiliko ya umbo, ya utendaji na ya mpangilio. Hakuna mahali ambapo tofauti hiyo huonekana waziwazi kuliko katika siku tano za kwanza za uhai.

Siku hizo huanza katika mrija wa uzazi, ambako yai lenye kromosomu 23 huungana na mbegu ya kiume yenye kromosomu 23, na kuunda seli moja yenye 46, inayoitwa zigoti. Baada ya takriban siku moja zigoti hugawanyika kuwa seli mbili, kisha nne, na kufikia siku ya tatu au ya nne limekuwa tonge la seli 16 hivi. Jambo la kushangaza ni kwamba tonge hilo bado lina ukubwa uleule wa yai la awali, takriban sehemu ya kumi ya milimita, kwa sababu seli zinagawanyika bila kuongezeka kimo. Kufikia siku ya tano tonge limekuwa na uwazi ndani, na seli zake zimekwisha kugawana kazi: za nje zitaunda kondo la nyuma, na kikundi kidogo cha ndani kitamuunda mtoto. Hapo kuna makuzi makubwa bila ukuaji wowote. Kati ya siku ya sita na ya saba kitu hicho huanza kujipachika katika ukuta wa mji wa mimba, na kazi hiyo hukamilika karibu na siku ya 12.

Kipindi hiki cha wiki mbili za kwanza, ambacho vitabu hukiita kipindi cha zigoti, ndicho pia hutupatia pacha wa kufanana, na mara nyingi huwatumia pacha hao kuwatahadharisha wanafunzi wanaodhani kwamba urithi na mazingira ni vitu viwili vilivyowekwa kwenye mizani. Kikundi cha seli kikitengana ndani ya siku tatu za kwanza, kila pacha hupata kondo lake na mfuko wake wa maji. Kikitengana kati ya siku ya nne na ya nane hivi, hushiriki kondo moja wakiwa katika mifuko miwili. Kikichelewa zaidi, hushiriki vyote viwili. Na kikichelewa hadi baada ya siku ya 13 hivi, pacha huzaliwa wameungana. Jeni ni zilezile katika hali zote nne, lakini mazingira ya tumboni hayafanani. Wanaoshiriki kondo moja wanaweza kugawana damu bila usawa, na mmoja akazaliwa mkubwa kuliko mwenziwe. Kwa hiyo anayesema kwamba tofauti za pacha wa kufanana zinatokana na malezi waliyopata baada ya kuzaliwa amesahau miezi tisa.

Kuanzia wiki ya tatu hadi mwisho wa wiki ya nane ni kipindi cha kiinitete, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo karibu kila kitu hutengenezwa. Katika wiki ya tatu seli hujipanga katika tabaka tatu. Tabaka la nje litaunda ngozi, ubongo na uti wa mgongo. La kati litaunda misuli, mifupa, figo, moyo na damu. La ndani litaunda utando wa njia ya chakula na wa mapafu, pamoja na ini na kongosho. Karibu na siku ya 22 moyo, ambao bado ni bomba tu, huanza kudunda. Wakati huohuo tabaka la nje hujikunja mgongoni na kuunda mfereji ambao kingo zake hukutana na kufungana kama zipu inayofungwa kuelekea juu na kuelekea chini kwa pamoja, na kufikia siku ya 28 bomba la neva linapaswa kuwa limefungwa lote. Likibaki wazi upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi; likibaki wazi upande wa kichwa, sehemu kubwa ya ubongo haiundwi.

Zingatia tarehe hiyo. Siku ya 28 kwa hesabu yetu ni wiki mbili tu baada ya siku ambayo hedhi ilitarajiwa, na wanawake wengi wakati huo hawajajua kwamba ni wajawazito. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mwanamke aanze kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku tangu anapopanga kupata mimba, na aendelee hadi wiki ya 12 kwa hesabu ya kliniki. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1991 chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliwahusisha wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro ya aina hiyo, na likaonyesha kwamba kwa dozi kubwa zaidi asidi ya foliki ilipunguza kujirudia kwa kasoro kwa takriban asilimia 72. Anayeanza kuitumia katika mwezi wa nne hafanyi vibaya kwa damu yake, lakini kwa bomba la neva mlango umekwisha kufungwa.

Vichipukizi vya mikono hutokea katika wiki ya nne, na vya miguu hufuata siku chache baadaye. Hadi wiki ya sita tezi zitakazokuwa za kiume au za kike hazitofautiani kwa umbo. Katika wiki ya saba hivi jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990 katika kromosomu Y, huzielekeza tezi hizo kuwa korodani, na isipokuwapo, kwa kawaida huwa ovari. Mwishoni mwa wiki ya nane kiinitete kina urefu wa sentimita tatu hivi, vidole vyake vimeachana, na misingi ya viungo vyote vikuu imewekwa.

Kipindi cha tatu, cha kijusi, huanza wiki ya tisa na kuendelea hadi kujifungua. Ndicho kirefu kuliko vyote, lakini kwa swali lako nitakipita upesi, kwa kuwa kinachotawala humo ni ukuaji na ukamilishaji. Kwa hesabu ya kliniki, mama wengi huhisi mtoto akicheza kati ya wiki ya 16 na ya 20. Kuanzia wiki ya 24 hivi mapafu huanza kutengeneza utelezi unaozuia vifuko vya hewa visishikane, ingawa huwa hautoshi hadi karibu na wiki ya 34 au ya 35, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watoto njiti kusumbuka kupumua. Masikio huanza kuitikia sauti katika kipindi kinachokaribiana na hicho. Mtoto wa kike ambaye bado yumo tumboni tayari anayo mayai yake yote, na hapo huwa nasita kidogo kila ninapofundisha: yai lililokuwa wewe liliundwa ndani ya mwili wa bibi yako, mama yako alipokuwa kijusi.

Turudi kwa wananadharia. Arnold Gesell, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Yale, alidai kwamba mtoto hukaa, hutambaa na husimama kwa ratiba ya ukomavu wa ndani, na kwamba udhibiti wa mwili hutoka kichwani kwenda miguuni na kutoka katikati kwenda pembeni. Mielekeo hiyo miwili hakuirithi kutoka kwenye uchunguzi wa watoto peke yake: ni mielekeo ileile inayoonekana katika kiinitete, ambamo kichwa hutangulia na mkono huchipuka kabla ya mguu. Mwaka 1945 Gesell alichapisha kitabu ambacho jina lake lenyewe linataja embriolojia ya tabia.

Erik Erikson alikopa waziwazi zaidi. Hatua zake nane, tangu kuaminiana katika uchanga hadi utimilifu katika uzee, zinasimama juu ya kanuni aliyoiita ya epijenesisi, neno la wanabiolojia. Maana yake ni kwamba kila kinachokua kina ramani ya msingi, kwamba kila sehemu ina wakati wake maalumu wa kuchomoza, na kwamba sehemu iliyokosa wakati wake huathiri uwiano wa zima. Erikson aliieleza kanuni hiyo kwa kurejelea jinsi viungo vinavyofuatana ndani ya tumbo la mama. Jean Piaget naye alikuwa mwanabiolojia kabla ya kuwa mwanasaikolojia. Shahada yake ya udaktari ya mwaka 1918 ilihusu konokono na jamaa zao, na katika maisha yake yote aliona akili kama kiungo kinachojijenga kwa kuingiliana na mazingira. Hata Freud, akiwa kijana katika maabara, alichunguza seli za neva za samaki.

Dhana ya kipindi nyeti ina ukoo ulio wazi zaidi. Mwaka 1924 Hans Spemann na Hilde Mangold walichapisha matokeo ya jaribio ambalo walihamisha kipande kidogo cha kiinitete cha nyuti, mnyama wa jamii ya salamanda, kukipeleka kwenye kiinitete kingine, na kipande hicho kikayaelekeza majirani zake kuunda mwili wa pili. Majaribio ya Spemann yalionyesha pia kwamba tishu ikihamishwa mapema hufuata desturi za mahali pake papya, na ikihamishwa baadaye hung'ang'ania asili yake. Konrad Lorenz, alipoeleza mwaka 1935 jinsi vifaranga vya bata bukini vinavyomfuata kiumbe wa kwanza anayetembea mbele yao, alilinganisha jambo hilo na uelekezaji huo wa viinitete. John Bowlby, kwa upande wake, aliitumia elimu ya akina Lorenz kujenga nadharia ya mwambatano kati ya mtoto na mlezi. Kwa hiyo ukifuata nyuma nyayo za wazo la kwamba miaka ya kwanza ni ya pekee, utafika kwenye bakuli la mayai ya nyuti.

Mkopo huo ulileta faida, na ulileta deni pia. Katika kiinitete hatua ni ngumu kama jiwe: hakuna mtoto aliyefunga bomba la neva baada ya kupata vidole. Katika mtoto aliyezaliwa hatua ni laini. Mtoto anayeelewa kwamba kiasi cha udongo hakibadiliki unapoufinyanga upya anaweza kushindwa swali kama hilo kuhusu uzito, na Piaget mwenyewe alilijua hilo. Vivyo hivyo kuhusu vipindi nyeti. Daktari wa macho Norman Gregg wa Australia alipoonyesha mwaka 1941 kwamba watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho walitoka kwa mama waliougua rubela mwanzoni mwa mimba, na dawa ya thalidomide, iliyouzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957 hadi ilipoondolewa mwezi Novemba 1961, ilipowadhuru zaidi ya watoto 10,000 duniani, ilidhihirika kwamba tarehe huamua madhara. Thalidomide ilikuwa hatari hasa kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi. Aliyeimeza mwanzoni mwa dirisha hilo mtoto wake aliathirika masikio, aliyeimeza siku chache baadaye mtoto aliathirika mikono, kisha miguu. Kidonge kilekile, baada ya dirisha hilo kupita, hakikuacha kasoro hizo za viungo. Ukali wa namna hiyo haupo katika kujifunza lugha wala katika mwambatano, ambako muda mzuri upo lakini mlango haupigwi kufuli kwa siku moja. Mwalimu anayesoma Bowlby kwa macho ya thalidomide atamkatia tamaa mtoto bila sababu.

Sijamtaja Vygotsky, na kuna sababu. Kwake akili za juu hutokana na mazungumzo na ushirikiano na mtu mwenye ujuzi zaidi, na eneo lile la ukuaji wa karibu, yaani pengo kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa, linahitaji watu wawili wanaofanya jambo moja kwa pamoja. Kulilazimisha liingie tumboni, kama nilivyoona katika majibu fulani, ni kuliharibu. Wanatabia kama John Watson nao walianza na mtoto mchanga, kwa sababu walihitaji kitendo kinachoonekana. Kukiri kwamba nadharia fulani haina la kusema kuhusu kipindi fulani si kosa katika mtihani.

Kama ungenitaka nitaje nadharia moja inayovuka mlango wa kuzaliwa bila kujikwaa, ningekutajia ile ya Gilbert Gottlieb, Mmarekani ambaye vitabu vingi vya utangulizi humpa aya moja au humwacha kabisa. Gottlieb alitaka kujua kwa nini kifaranga wa bata, aliyeanguliwa katika mashine bila kumsikia mama yake, hufuata mlio wa mama wa jamii yake na kuupuuza mlio wa kuku. Jibu lililozoeleka lilikuwa silika. Yeye aligundua kwamba vifaranga hulia wakiwa bado ndani ya yai, na alipowazuia kwa muda wasitoe sauti na kuwatenga wasisikie sauti za wenzao, upendeleo huo ulipotea. Kilichoitwa cha kuzaliwa nacho kilihitaji uzoefu uliotokea kabla ya kuzaliwa. Kutokana na hayo alieleza makuzi kama mwingiliano wa pande zote kati ya jeni, utendaji wa neva, tabia na mazingira, ambamo kila ngazi huathiri nyingine kwenda na kurudi, na matokeo huwa ya uwezekano badala ya kuwa ya lazima.

Hapo ndipo swali lako la tatu linapata jibu. Ndiyo, mtoto hujifunza kabla ya kuzaliwa, kwa maana finyu na iliyothibitishwa. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wenye umri usiozidi siku tatu hubadili mwendo wa kunyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka 1986 DeCasper na Melanie Spence waliwaomba wajawazito wasome kifungu kimoja kwa sauti kila siku katika wiki sita za mwisho. Watoto walipozaliwa walikipendelea kifungu hicho kuliko kingine, hata kiliposomwa na mwanamke ambaye si mama yao. Kilichohifadhiwa, basi, kilikuwa mdundo na mpangilio wa sauti. Maana ya maneno haikuwamo, kwa sababu maji ya uzazi na mwili wa mama hupitisha vizuri sauti za chini na mahadhi, huku zikizifisha sauti nyembamba zinazotenganisha konsonanti.

Mazingira huingia tumboni kwa njia nyingine pia. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, sehemu ya magharibi ya Uholanzi ilikumbwa na njaa kali chini ya uvamizi wa Wajerumani, na mgawo rasmi wa chakula ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Kwa kuwa njaa hiyo ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, watafiti waliweza baadaye kuwalinganisha watu kwa mwezi wa mimba walioupitia ndani ya dhiki. Waliokumbwa mwishoni mwa mimba walizaliwa wadogo. Waliokumbwa mwanzoni walizaliwa na uzito wa kawaida, kwa sababu chakula kilirudi kabla ya miezi ya kunenepa, lakini ukubwani walionekana kuwa na ugonjwa wa moyo zaidi na hatari kubwa zaidi ya skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili. Uzito wa kuzaliwa, ambao kliniki huutegemea sana, haukuwa umeonyesha chochote. Mwingereza David Barker alifikia wazo linalokaribiana na hilo katika miaka ya 1980 kwa kuhusisha hali ya uchanga na vifo vya ugonjwa wa moyo miongo kadhaa baadaye. Tafadhali zisome taarifa hizo kama ongezeko la uwezekano katika kundi; wengi wa waliozaliwa katika majira hayo hawakuwahi kupata skizofrenia.

Kwa hiyo ukiulizwa katika mtihani ni nadharia ipi inaeleza kipindi cha tumboni, usiandike jina moja na kuweka kalamu chini. Eleza vipindi vitatu kwa tarehe zake, taja kanuni ya epijenesisi na jinsi Erikson alivyoikopa, tumia thalidomide au asidi ya foliki kueleza kipindi nyeti, na umlete Gottlieb kueleza kwa nini urithi na uzoefu havitengani hata kabla ya pumzi ya kwanza. Na mzazi akikuuliza kazini kama anunue kifaa cha kumchezea mtoto muziki juu ya tumbo ili awe na akili zaidi, mwambie kwamba hakuna ushahidi wa manufaa hayo, na kwamba sauti yake mwenyewe, anapozungumza shughuli zake za kila siku, tayari inamfikia mtoto bila kununua chochote.